Jinsi Tulivyomkaribisha Macario Mpaka Akakimbia

Kanisa letu linapenda wageni. Nataka hilo lieleweke mapema, msije mkasema mimi Ovidia nina chuki na watumishi wa Mungu. Linawapenda wageni kuliko linavyowapenda waumini wake, maana mimi nimepika katika jiko la kanisa hili tangu paa likiwa la majani na hakuna siku nimeimbiwa wimbo. Lakini mgeni akiingia, hata kama mvua ndiyo imemsukuma ndani, ataimbiwa, atapungiwa vitambaa, atabandikwa utepe wa manjano kifuani na kukumbatiwa na watu wote, watu ambao wamekwisha kutoka jasho kwa saa nzima. Na jasho la mji wetu huu wa Zacapa mwezi wa nne si la mchezo. Hapa kwetu kuku wanataga mayai yameshaiva nusu.

Kazi yote hiyo ni ya Kamati ya Ukarimu, na Kamati ya Ukarimu ni dada Damaris. Wapo na wengine, sikatai, ila wao ni wa kupiga makofi. Damaris ni mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na wamempa maiki isiyo na waya, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Mchungaji Abdías akimaliza matangazo, Damaris anasema wageni wote wasimame. Wakisimama, tunawaimbia pambio la kukaribisha. Kisha anamwendea mmoja mmoja na maiki yake: jina lako nani, unatoka wapi, umezaliwa lini, mstari gani wa Biblia unaupenda. Kisha utepe. Kisha tunatoka kwenye viti, safu kwa safu, kwenda kukumbatia. Wengine hawarudi tena. Kamati inapokaa kulijadili hilo, kila mara inaona kwamba shetani amewapiga vita.

Tena mtu haachi kuwa mgeni kwa sababu ya kuja mara nyingi, mnielewe. Anaacha siku atakaposimama mbele kutoa ushuhuda. Kabla ya hapo anakaa kiti cha mbele, haoshi kikombe, hagusi ufagio, habebi hata kiti ibada ikiisha. Ukimwona mgeni ameshika sahani chafu, wahudumu wa mlango watamnyang'anya utadhani ameiba. Yupo fundi viatu mmoja ambaye amekuwa mgeni wetu tangu mwanawe hajaota meno, na sasa mtoto huyo yuko shule. Kila Jumapili anasimama, anaimbiwa, anavaa utepe, anakaa.

Basi, mikononi mwa watu hao ndiko nilikompeleka kaka yangu.

Macario ndiye mkubwa wetu, na tangu utotoni hajawahi kusema neno ambalo mtu mwingine angeweza kulisema badala yake. Waliishi vijijini upande wa Gualán, yeye na mkewe Cleotilde, na Cleotilde alisema kwa niaba ya wote wawili. Yeye ndiye aliyepatana bei ya mahindi, yeye ndiye aliyewajibu majirani salamu. Mpaka kwa daktari, Macario alitoa ulimi nje na Cleotilde akaeleza panapouma. Cleotilde alikuwa mtu wa kanisa. Macario hakuwahi kuingia. Alikuwa akija kumchukua mkewe, anakaa nje chini ya upenu, kofia magotini, anasikiliza mpaka ibada iishe. Miaka yote ya ndoa yao alilisikia kanisa kutokea nje. Na nyumbani Cleotilde aliimba nyimbo zilezile akifua nguo, kwa hiyo mtu yule alizijua zote, sema hakuwahi kufungua mdomo.

Cleotilde alipokufa nikamleta hapa mjini, kwenye kile chumba cha nyuma ya kwangu. Akajifungia. Hakulia, hakunywa pombe, hakugombana na mtu. Alikuwa anakufa polepole, kwa adabu, bila kumsumbua yeyote. Suruali zilianza kumpwaya. Nilikuwa nikipeleka chakula nakuta cha jana kimelala mezani, kimefunikwa vizuri ili nisikasirike. Nikambembeleza, nikamsema, nikamnunia, wapi. Halafu siku moja, tumekaa tu, akaniuliza kama kanisani kwetu wanaimba ule wimbo wa mto, ule wa Cleotilde. Nikamwambia tunaimba karibu kila wiki.

"Basi nikae tu," akasema. "Nisikie."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta kijiko, maana machozi yalikuwa yanakuja. Nilijua hicho ndicho kitu cha kwanza alichokitaka tangu mazishi, na kikiharibika hakuna kingine.

Ilinichukua muda mrefu hivyo kumtoa kaka yangu nyumbani. Kanisa lilihitaji pambio moja tu kumrudisha.

Jumapili hiyo nilimkalisha katikati, kwenye safu ambayo haina sifa yoyote, nikamwomba ainamishe kichwa wakati wa matangazo. Nilisahau kwamba Damaris anaweza kumnusa mgeni hata akiwa ndani ya kabati. Wageni waliposimamishwa, Macario hakusimama, na Damaris akatangaza kwa furaha kwamba kuna ndugu mmoja mwenye haya, tumsaidie. Tukamsaidia. Kanisa zima lilipiga makofi ya kumhesabia mpaka akasimama. Nikamwona kaka yangu amesimama peke yake, kofia ameikamata kwa mikono yote miwili, huku watu wanampungia vitambaa kama meli inaondoka.

Akaulizwa jina, akasema. Akaulizwa anatoka wapi, akasema. Akaulizwa kuzaliwa, na yeye, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akataja tarehe, ambayo ilikuwa imekaribia. Damaris akasema "aleluya" kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. Akaulizwa mstari anaoupenda. Maiki ikabaki mdomoni pake, tukasikia kanisa zima jinsi anavyohema. Mwishowe Damaris akamchagulia mstari yeye mwenyewe, akamwomba aurudie baada yake, neno kwa neno. Kisha tukaenda kumkumbatia. Mimi nilijaribu kuziba njia, nikakumbatiwa na mimi.

Siku hiyo wimbo wa mto haukuimbwa. Muda ulikuwa umekwisha.

Kesho yake jioni Kamati ikaja nyumbani, na gitaa, na matari, na keki ya jibini kubwa kama gurudumu. Walimkuta Macario amekaa mlangoni, akawapisha, maana amelelewa vizuri. Wakakaa wote. Wakamwuliza kama anajua kuimba, kama anajua kupiga chombo, kama angependa kuwa kwenye kundi la wazee la mazoezi ya viungo ya Jumatano. Wakamwuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Yeye akawa anatazama keki. Walipoondoka, Damaris alininong'oneza nje kwamba anamwona ameanza kufunguka. Nikarudi ndani nikakuta ameshazima taa na jua bado lipo.

Na pamoja na yote hayo, jamani, Jumapili ya pili akarudi. Hapo ndipo mjue alikuwa anakitaka kile alichokifuata. Alivaa shati lilelile, akanitangulia njiani, hakusema kitu. Mlangoni wakampokea, wakambandika utepe wake, wakamwongoza hadi mbele kabisa, kiti cha wageni, chini ya pua ya mchungaji, mahali ambapo kanisa zima linaweza kuhesabu nywele za kisogo chako.

Sasa, kwa kuwa ni mara ya pili, Kamati ilikuwa imeona ni vizuri kumpa nafasi ya ushuhuda, ili atoke kwenye ugeni haraka. Hawakumwambia. Ilikuwa ni zawadi. Damaris akamwita mbele kwa shangwe, akamkabidhi maiki, akarudi nyuma. Macario akasimama pale. Akaitazama maiki. Akatutazama sisi. Midomo ikamtetemeka, haikutoka sauti. Ndugu mmoja nyuma, nadhani kwa nia njema, akapaza sauti, "Amejaa Roho!" na watu wakaanza kusifu, na mpiga ngoma naye akaingia, na dakika moja baadaye kanisa zima lilikuwa linaruka huku kaka yangu amesimama katikati na maiki yake, rangi imemtoka usoni. Baadaye mchungaji alisema huo ulikuwa ushuhuda wa ajabu, ila kwa kuwa hakuna aliyeusikia, kisheria haukuhesabiwa.

Njiani kurudi, na wimbo haukuimbwa tena, Macario aliniuliza jambo moja tu, kama wimbo wa mto huwa wanauimba mwanzoni au mwishoni. Nikamwambia mwishoni. Akaitikia kwa kichwa. Nikafikiri, labda Mungu yupo, labda atarudi tena.

Ndipo ikafika siku yake ya kuzaliwa.

Kwetu mtu akitimiza mwaka mwingine, alfajiri analipuliwa fataki mlangoni na kuimbiwa kabla hajanawa uso. Ni desturi, na mwenye siku yake haruhusiwi kukasirika. Cleotilde naye alikuwa akimfanyia. Alikuwa akiwasha kamba fupi ya fataki kwenye kizingiti, moja tu, anaingia ndani kabla moshi haujaisha, anamletea kahawa kitandani na kumwimbia kwa sauti ya chini, wawili tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza bila yeye. Mimi nilikuwa nimepanga siku hiyo ipite kimya, nimpikie tamali zake, zile za unga wa mahindi ndani ya majani, nisiseme neno.

Kamati ilikuja na pikapu. Nyuma ya pikapu ilikuwepo spika ya kanisa, ile kubwa ya mikutano ya hadhara. Walitandika fataki kuanzia lango langu mpaka mlango wake, mkeka mzima, ule wanaolipua watu wakishinda uchaguzi. Nilishtuka usingizini nikadhani gesi ya jikoni imepasuka. Nilipotoka na gauni la kulalia, ua mzima ulikuwa moshi, mbwa wa mtaa mzima wanabweka, na ndani ya moshi huo naisikia sauti ya Damaris inaongoza wimbo.

Mlango wa Macario ukafunguka. Akatoka haraka, miguu mitupu, shati kaligeuza ndani nje, na uso wake, sikuwa nimeuona hivyo tangu Cleotilde azikwe. Ulikuwa uso wa mtu anayetarajia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama chini kwenye kizingiti. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, nilijua anamtafuta nani. Halafu moshi ukapungua, akawaona watu wa Kamati na vitambaa vyao. Akasimama akawasikiliza mpaka mwisho wa wimbo, akasema asanteni. Kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunika chungu.

Baada ya hapo hakutoka. Jumapili nikagonga, hakujibu. Jumapili nyingine vilevile. Sahani nazo zikarudi kuwa zilezile, zimefunikwa vizuri. Nilimpelekea uji wa mahindi mabichi, ambao tangu mdogo hawezi kuukataa, nikaukuta umeota ngozi juu. Nilikaa kitako kwenye ngazi yake nikalia, kisha nikasimama nikaenda kumtafuta Damaris, maana kulia peke yake hakunitoshi.

Nilimkuta ukumbini anakata tepe za wiki hiyo. Nilimwambia mengi ambayo sitayarudia, maana mengine yanagusa wazazi wake. Nilimwambia kama kazi yake ni kufukuza watu, basi kanisa limempata fundi. Nilimwambia kaka yangu alitaka kukaa tu na kusikiliza, kitu ambacho hata mbwa wa sokoni anaruhusiwa. Damaris aliendelea kukata tepe mpaka nilipomaliza, kisha akauweka mkasi chini.

"Nilisali mwaka mzima katika kanisa moja la mji mkuu, Ovidia," akasema. "Mwaka mzima. Siku nilipoacha kwenda, hakuna aliyejua kama nimeacha. Nikajiapiza, nikipata kanisa langu, hilo halitampata mtu."

Nikamwambia hata hivyo fataki zilizidi, nikaondoka.

Habari ikamfikia mchungaji. Mchungaji Abdías ni mtu mwema, ana moyo laini na ana dawa moja tu kwa kila ugonjwa, nayo ni kamati. Akaunda Kamati Ndogo ya Ndugu Wanyamavu. Jumapili iliyofuata akatuhubiria kwamba ndani ya kanisa wamo watu wapole tusiowatambua, wanaojiona wako pembeni, na kwamba leo tutawatambua. Akaomba ndugu wote wanyamavu wasimame, waje mbele, tuwaombee na kuwapa fulana.

Hakusimama mtu. Mchungaji akangoja. Akaomba tena, kwa upole zaidi. Nikaona vichwa vinainama safu kwa safu, kumbe ni wengi namna hiyo. Yule fundi viatu alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Kimya kilipozidi, Damaris akaanza kutaja majina ili kuwasaidia, na watu wawili wakatoka nje wakisema wanakwenda chooni. Fulana zilibaki zote. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, na ingawa moyo wangu ulikuwa umechomwa, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Baada ya ibada nilikuwa naosha vikombe, bado nasema peke yangu, nasema nao wote kwa majina, pakatokea mama Toribia na kikombe chake. Mama Toribia ni mzee, rika la mama yetu kama angekuwepo, na amekaa kiti kilekile cha nyuma tangu hatujawa na milango. Ana feni yake pale, ya umeme, iliyofungwa ukutani, ambayo ikigeuka inafika viti viwili tu, chake na cha pembeni yake, ambacho huweka Biblia na mkoba ili asikae mtu. Nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya amina. Alisuuza kikombe, akakipangusa, akakitundika.

"Huyo kaka yako," akasema, "mwambie apite mlango huu wa jikoni, wakishamaliza mambo yao ya wageni. Kiti nitakitoa vitu."

Nikabaki namtazama. Akasema nisimtazame hivyo, nimwage yale maji machafu, yananuka. Akaenda zake.

Nikampelekea Macario ujumbe pamoja na sahani ya maharage. Nilisimama nje ya mlango nikaziambia mbao za mlango yote, kama mtu anayeungama kwa padri.

"Huyo mama anaongea sana?" akauliza kutoka ndani.

"Tangu mchungaji wa kwanza nilikuwa namsikia amina tu."

"Atanikumbatia?"

"Macario, huyo hata paka wake hamkumbatii."

Nikaiacha sahani pale chini, nikageuka kuondoka, nikasikia mlango unafunguliwa kidogo na kijiko kinagonga. Kisha akasema kwamba maharage nimesahau chumvi. Sikuwa nimesahau, lakini nilikimbia kuileta.

Jumapili ikaja. Sikumwambia mtu, hata mchungaji, hasa mchungaji. Nilikuwa jikoni nageuza ndizi mafutani, sikio moja kwenye sufuria na jingine ukumbini. Wageni wakasimama, wakaimbiwa, wakabandikwa, wakakumbatiwa. Fundi viatu naye kama kawaida. Watu wakarudi kwenye viti vyao. Nikatazama nje, uani hakuna mtu, joto tu linacheza juu ya vumbi. Nikasema basi, imekwisha. Nikaunguza ndizi za kikaango kizima. Nilipoinua macho kutoka kwenye moshi, alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, amekonda mpaka mkanda umemzunguka mara mbili, anatazama sakafu ya jiko kama anauliza kama inamruhusu.

Sikusema neno. Mnisifu kwa hilo, maana lilinigharimu. Nilimwonyesha kwa kidevu.

Akapita. Mama Toribia akaondoa Biblia, akaondoa mkoba, hakugeuka hata kumtazama usoni. Kaka yangu akakaa kwenye ncha ya kiti, tayari kukimbia. Nami nikasogea mlangoni, mwiko mkononi, nikasikia.

"Umechelewa," mama Toribia akamwambia. "Na toa hiyo miguu, hapo nimefagia mwenyewe asubuhi. Hivi Gualán mnavaa viatu au mnavaa matope?"

Halafu nikaona mabega ya Macario yanashuka. Ni lazima mtu awe wa huku kwetu mashariki aelewe. Sisi watu wa Zacapa tukikusemesha kwa adabu, ujue hatukujui. Mama yetu alituita majina ambayo siwezi kuyataja kanisani, na Cleotilde, aliyempenda yule mtu kuliko macho yake, alimwita gogo la mvule kila asubuhi. Tangu amzike, kila mtu alikuwa akimwambia pole ndugu, karibu ndugu, Mungu akubariki ndugu. Hakuna aliyekuwa amemgombeza. Macario akaivuta miguu chini ya kiti, akakaa vizuri, akaegemea. Feni ikageuka ikampepea.

Wimbo wa mto ukaanza. Kaka yangu akafumba macho. Hakuimba, msitegemee miujiza. Alisikiliza tu, na machozi yakawa yanamtoka bila kelele na kudondokea kwenye kofia. Mama Toribia aliimba kwa mdomo uliofungwa, akitazama mbele, akamwacha alie zake.

Na ningeomba niishie hapo, lakini Damaris ana macho. Wimbo ulipokwisha nikamwona amesimama kule mbele kwa vidole, ananyoosha shingo. Akaona. Uso ukamng'aa kwa furaha, furaha ya kweli, siwezi kumnyima hilo. Akachukua utepe, akachukua maiki, akaja na ujia wa katikati mbiombio, huku anatangaza kwamba ndugu yetu Macario amerudi, ndugu yetu aliyepotea, na makofi jamani hayasikiki. Kanisa zima likageuka na viti vyake. Nikauinua mwiko. Ningemtandika mbele ya mchungaji na mbele ya Mungu, naapa, ila sufuria na watu vilinizuia njia.

Damaris akafika. Akasimama mbele yake, akamwekea maiki mdomoni, akatabasamu na meno yote, akamwambia aseme neno moja tu kwa ndugu zake.

Macario akafumbua macho. Akaitazama maiki. Akamtazama Damaris kuanzia viatu mpaka nywele, polepole, namna ambayo mama yetu alikuwa akiwatazama watu wanaouza ng'ombe mgonjwa.

"Wewe mwanamke," akasema, na spika zote nne zikalitoa neno hilo kwa sauti safi, "sogea. Unatuzibia feni."

Damaris akageuka nyuma kuitazama feni, akamtazama mama Toribia, ambaye alikuwa anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, jasho limemjaa shingoni kweli. Nikaona yale maneno yanamwingia Damaris taratibu, na nikamwona hajui ayapokee vipi. Kule mbele mtu mmoja akacheka. Yule fundi viatu. Kisha wa pili, kisha safu nzima, na mchungaji Abdías akajifanya anakohoa ndani ya leso. Damaris akawa mwekundu. Akafungua mdomo ajibu, akaufunga. Halafu akabonyeza kitufe cha maiki, ikazima, akasogea hatua moja pembeni, upepo ukapita.

"Haya," akasema Damaris, bila maiki, kwa sauti ambayo hatukuwahi kujua kwamba anayo. "Samahani, kiziwi wewe, siku zote nilidhani hunisikii."

"Nimekusikia," Macario akamwambia.

Ibada ilipokwisha, wahudumu wa mlango walimkuta kaka yangu amebeba viti viwili kila mkono, anavipeleka ukutani, na mama Toribia nyuma yake anamwambia amevipanga vibaya. Wakamtazama Damaris wapate amri ya kumnyang'anya. Damaris alikuwa anafagia. Mimi nilirudi jikoni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mahindi nikalia kwa sauti, mimi Ovidia ambaye hata mazikoni hawajawahi kuniona nikilia hivyo, mpaka Macario akafungua akaniuliza kama ndizi zote nimeziunguza au kuna ambazo mtu anaweza kula.